Katika Vitabu Hivi Mama Hufa Sura ya Kwanza

Niseme mapema, kabla mtu hajanikatiza: katika vitabu hivi hakuna anayejua kununua.

Nimevisoma vya kutosha kusema hivyo. Nauza mitumba mjini Migori, mikoba na mikanda hasa, na kwenye pembe ya meza nimepanga vitabu vya hadithi vya Kiingereza vinavyokuja vimebanwa ndani ya marobota pamoja na vitu vingine ambavyo wenyewe wamevichoka huko ng'ambo. Vingi vimeandikiwa vijana. Jalada lina upanga, au taji, au msichana amegeuza mgongo anaangalia mlima, na ndani ni uchawi mtupu. Ukifungua unakutana na ramani. Ramani ina msitu mweusi, magofu, mto wenye jina lisilotamkika, lakini soko haina. Nimetafuta kwenye kila moja, nikarudia. Nchi nzima, na hakuna mahali mtu anaweza kununua chumvi.

Ndiyo maana wanauziwa vibaya. Msichana anafika njia panda, anamkuta ajuza, ajuza anamwambia nitakuonyesha njia lakini utanipa kivuli chako. Naye anatoa. Bei ya kwanza kabisa iliyotajwa. Hashtuki, hacheki, hageuki kama anayeondoka ili aitwe. Siku nyingine anaombwa sauti yake, au kumbukumbu ya siku aliyofurahi kuliko zote, na anatoa tu, kama anayelipa choo cha stendi.

Jeshi la watu elfu arobaini linavuka jangwa, nami nahesabu mikokoteni ya chakula. Minne. Nimehesabu tena, ni minne. Kuna shule ya uchawi ambapo wanafunzi wanakufa kila muhula, na hakuna mzazi hata mmoja anayekuja kuuliza. Sisi huku paa la bweni likivuja tunajaa getini. Na vijana wa kiume huwa ni wawili. Mmoja humletea msichana maji. Mwingine alijaribu kumchinja katika sura ya tano. Usijisumbue kukisia anaolewa na nani.

Jirani yangu, anayeuza viatu meza inayofuata, ni Mwislamu aliyekuja kutoka Isiolo zamani sana na Kiswahili chake kimenyooka kutushinda sote. Huniangalia nikisoma wateja wasipokuwapo.

"Dada, wewe unasoma hadithi za watoto kama askari anayekagua mizigo pale mpakani."

"Sheikh, lazima awepo wa kukagua."

Sikuwa nikisoma kwa starehe. Nilikuwa nasoma kwa ajili ya mtoto wa marehemu dada yangu, ambaye kwa desturi yetu ni mtoto wangu, nami ni mama yake mdogo. Yuko kidato cha pili, shule ya bweni upande wa Homa Bay, karibu na kwao kwa baba. Jumapili wanafunzi huruhusiwa kupiga simu kwa zamu, na yeye alikuwa akinipigia mimi. Hakuwa anapiga kunijulia hali. Alikuwa anapiga kuuliza kitabu. Ukimuuliza chakula, anasema kiko. Ukimuuliza masomo, anasema yanaenda. Ukimuuliza kitabu, anazungumza mpaka anayefuata foleni anaanza kulalamika nyuma yake. Basi nikaona heri nisome, nipate cha kusema.

"Umefika wapi, mama mdogo?"

"Pale anapotoa kivuli."

"Na?"

"Na nimemdharau."

"Hakuwa na njia nyingine."

"Angengoja saa sita mchana. Jua likiwa utosini, kivuli kinakuwa kifupi hivi, ndipo akitoe. Angelipa robo."

Akaguna puani. "Wewe unasoma kama unanunua nyanya."

Guno hilo ndilo lililokuwa karibu na kicheko kuliko chochote nilichopata kwake tangu alipomaliza shule ya msingi. Nililibeba wiki nzima. Nilianza kutafuta makosa kwenye vitabu ili nipate guno jingine.

Lazima nieleze kilichotokea, maana bila hicho maoni yangu ni ya mchuuzi tu.

Dada yangu alifariki wiki moja kabla ya mtihani wa mwisho wa darasa la nane. Mtoto alikuwa bweni, mtahiniwa, mwalimu mkuu alikuwa na matumaini naye. Wazee wa upande wa baba wakakaa kikao. Mwenye kauli alikuwa baba yake mkubwa, kwa sababu shemeji yangu mwenyewe alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki nje, hajibu salamu. Baba mkubwa akasema mtoto asiambiwe.

"Msichana ana akili," alisema. "Tukimwambia sasa, tutakuwa tumezika wawili."

Si yeye aliyebuni jambo hilo. Wengi hufanya hivyo huku. Mzazi akifa msimu wa mtihani, mtoto hufichwa, huambiwa mama amepelekwa Kisumu kwa matibabu, anaandika mitihani yake akimwombea mtu aliyekwisha kuzikwa. Mtihani haurudiwi. Kila mtu anajua mtoto fulani aliyeambiwa akaanguka, na huyo mtoto hutajwa katika kila kikao cha namna hiyo.

Nilibishana. Ni kazi ninayoijua. Nilianza juu: aitwe leo hii. Wakakataa. Nikashuka: aje Ijumaa, azike Jumamosi, Jumapili arudi shule. Wakakataa. Nikashuka hadi chini kabisa: basi maziko yasogezwe mbele mpaka amalize. Wakaniambia tarehe imeshatangazwa redioni. Hapo sikuwa tena na kitu mkononi cha kushusha. Isitoshe, mimi ni wa upande wa mke. Ng'ombe wa mahari walitolewa zamani wakaliwa, dada yangu alikuwa wa kwao, na neno langu pale lilikuwa la mgeni aliyeombwa anywe chai.

Tukamzika upande wa kushoto wa nyumba yake, kama ilivyo desturi kwa mwanamke mwenye boma. Mtihani ulipoisha, baba mkubwa akamfuata mtoto kwa gari, pamoja na shangazi yake na mwalimu mmoja. Njia nzima hakuna aliyemwambia, kwa kuwa kila mmoja wao alidhani mwenzake amekwisha kumwambia shuleni. Mimi nilikuwa nimesimama kwenye mlango wa jiko. Alishuka na sanduku lake, akaangalia kushoto kwa nyumba, simenti ilikuwa imeshakauka na kuwa nyeupe.

"Mama mdogo," akaniuliza, "hilo ni la nani?"

Matokeo yalipotoka alikuwa amepita kuliko wote shuleni kwao. Baba mkubwa alinipigia simu yeye mwenyewe. "Si unaona," akasema, bila ubaya wowote. Na mimi niliona. Hilo ndilo linalonichosha hadi leo, kwamba nililiona.

Tangu hapo mtoto hakulia mbele ya mtu. Likizo akiwa kwa baba yake, akitoka nyumbani kwenda jikoni huzunguka kwa upande wa kulia, ingawa njia ya kushoto ndiyo fupi. Akaanza kusoma. Alianza na kitabu alichokiokota kwenye meza yangu, cha msichana anayefuga ndege wa kioo, na mama yake ni mlinzi wa mnara wa taa, na katika sura ya kwanza ukungu unapanda kutoka baharini, mama anaingia ndani ya ukungu na harudi. Ni vitabu vitatu, hadithi moja. Nilikuwa na cha kwanza na cha pili.

Sasa hapa ndipo maoni yangu yalipoanza kuwa mazito. Katika vitabu hivi mama hufa sura ya kwanza. Akibahatika anafika ya tatu. Akiwa hai hakuna atakayemruhusu mtoto wa miaka kumi na sita kwenda kumuua mfalme, kwa hiyo mwandishi anamwondoa mapema, kama unavyoondoa meza mlangoni ili kabati lipite. Hilo ninaelewa. Lakini kuna sheria nyingine, na hata aliyesoma vitatu tu huijua: ambaye maiti yake haikuonekana, hajafa. Walioanguka kwenye maporomoko, waliomezwa na bahari, walioungua ndani ya ngome, wote wanarudi. Wanangoja kitabu cha tatu, wanatoka nyuma ya pazia wakiwa na kovu.

Mtoto wangu hakuwa ameona maiti. Alikuwa ameona simenti.

Na kuna jambo moja ambalo lazima nivipe vitabu hivi haki yao, maana mimi nikikuta bidhaa nzuri sisemi ni mbovu. Katika kila kimoja kuna mtu mzima anayemficha mtoto jambo kwa faida yake mtoto. Mwalimu mkuu wa uchawi, bibi, mlinzi mwaminifu. Na kila kimoja, hata kile kilichoandikwa ovyo kabisa, kinajua kwamba alikosea. Nilikifikia kipande hicho katika kitabu cha pili nikiwa nimekaa kwenye kibanda changu mvua inanyesha, nikakifunga, nikapanga mikanda upya kwa rangi.

Kila Jumapili alikuwa ananiuliza: cha tatu kimepatikana?

Kitabu cha tatu ndicho kigumu kuliko vyote katika biashara hii. Cha kwanza kinajaa kama omena ziwani. Cha pili utakipata. Waliofika cha tatu hawakitoi, na wale wanaotoa vitabu hawakufika huko. Niliuliza Homa Bay, niliuliza Kisii, niliwaagiza wanaoshughulika na marobota. Na ukweli ni kwamba nilikuwa nauliza kwa sauti ya chini. Niliogopa kukipata. Kama mama hakurudi, nitakuwa nimempelekea mtoto kifo mara ya pili, kwa mkono wangu. Kama amerudi, nitakuwa nimempelekea nini?

Sheikh ndiye aliyekileta. Alikuwa amekwenda Kegonga siku ya soko kuuza viatu vya shule.

"Shika," akasema. "Kilikuwa chini ya mguu wa meza ya mama mmoja anayeuza maharagwe, kinazuia meza isiyumbe. Hakunipunguzia hata kidogo. Alinisoma usoni."

"Ulionyesha unakitaka."

"Nilijua nani anakitaka. Uso haukuweza kunyamaza."

Nilikisoma kwa siku mbili, wateja wakipita. Mama anarudi. Kurasa za mwisho ukungu unafunguka, anatoka akiwa na nguo ile ile, anamwambia bintiye usilie, na wanakwenda nyumbani kunywa supu. Nikahesabu kurasa zilizobaki nikitarajia kutakuwa na ujanja fulani, pengine ni mzimu, pengine ni ndoto. Nikahesabu tena. Zilikuwa tatu, na zote ni shukrani za mwandishi kwa jamaa zake.

"Usimpelekee," Sheikh alisema nilipomweleza. Kisha akawaza. "Lakini atajua unacho. Wewe huwezi kudanganya kwa simu, unakohoa."

"Nikate kurasa za mwisho?"

"Halafu aanze kungoja kitabu cha nne."

Hakukuwa na bei ya kati. Nimezoea kwamba kati ya anachotaka huyu na anachoweza yule daima kuna mahali pa kukutania, hata kama kila mmoja ataondoka amenuna. Hapa palikuwa na kumpa au kutompa. Jumapili alipouliza nilikohoa, na siku iliyofuata nikakifunga kwenye gazeti nikakipeleka kwa dereva wa gari la Homa Bay akiache kwa askari wa geti la shule.

Jumapili iliyofuata hakupiga simu. Wala ile nyingine.

Siku ya kutembelewa ilipofika nilikwenda na chapati, kuku, na samaki wa kukaanga, chakula cha watu wanne, kwa sababu sikujua kingine cha kubeba. Baba yake alikuwa ametuma salamu na sabuni. Tulikaa kwenye nyasi nyuma ya maktaba, familia nyingine zimetandaza leso zao kila upande, watoto wanakula kana kwamba wametoka vitani. Yeye alikula kidogo, akajifuta vidole kimoja kimoja.

"Kitabu cha tatu ni takataka," akasema.

Nilishusha kikombe. "Kwa nini?"

"Mama anarudi."

"Nimeona."

"Ati wanakunywa supu."

"Nilidhani utafurahi."

Akaniangalia kama mtu anayemwangalia mteja aliyeuliza bei ya kitu ambacho hakiuzwi. "Nifurahi kwa nini? Kitabu cha pili kilikuwa kinaenda vizuri. Unakumbuka anavyokusanya mawe ufukweni? Kila siku jiwe moja, anayapanga kwa umbo la mtu?"

Nilikumbuka. Nilikuwa nimeziruka kurasa hizo. Niliona zinapoteza wakati.

"Alikuwa anamjengea kaburi," akasema. "Mimi nilikuwa nangoja amzike. Kitabu chote cha tatu nilidhani atamzika, watu wa mnara watakuja, watalia. Halafu huyo mwandishi anamtoa kwenye ukungu kama gunia."

"Nyathina," nikasema, mwanangu, kwa kuwa Kiswahili kilikuwa kimeniishia.

"Wangekuwa watu wa huku wangejua la kufanya. Mtu akipotea ziwani asionekane, si watu hutafuta tunda la yago, wanalizika badala yake? Nyanya aliniambia. Kule kisiwani Takawiri walimzikia mvuvi mmoja hivyo. Walilia, wakala, yakaisha."

"Ndiyo. Hufanyika."

"Maiti ikikosekana kuna yago." Alikuwa anang'oa nyasi, anaziweka pamoja. "Mtoto akikosekana je, huwekwa nini?"

Naijua bei ya vitu vingi. Nikitazama mkoba najua ngozi na isiyo ngozi, najua atakayenunua na anayepitisha wakati. Nilikaa pale na paja la kuku mkononi, nikapekua kila desturi niliyolelewa nayo.

"Hakuna," nikasema.

Akatikisa kichwa kukubali, kana kwamba hilo angalau lilikuwa la kweli. Kisha akauliza, taratibu, kama anayesoma kutoka mahali:

"Walimvalisha nini?"

"Gauni la kijani. Lile la harusi ya binamu yako."

"Lilikuwa linambana."

"Tulifungua mshono wa nyuma. Haikuonekana."

"Nani aliongea muda mrefu?"

"Mheshimiwa wa wadi. Aliongea habari za barabara."

Akaguna puani. "Watu walikuwa wangapi?"

"Sijui."

"Wewe?"

"Sikuhesabu siku hiyo."

Hilo alilitafakari zaidi kuliko mengine. Kwenye meza ya jirani, yaani leso ya jirani, baba mmoja alikuwa anamsomea binti yake ripoti ya hesabu kwa sauti ili wote tusikie. Mtoto wangu akasubiri mpaka amemaliza.

"Mshereheshaji huwa anaita watoto wa marehemu," akasema. "Wanasimama mbele, watu wawaone. Alipoita, nani alisimama?"

Nilijua litakuja. Nilikuwa nimelijua tangu ile siku ya simenti, na kwa muda wote huo sikuwa nimelitafutia maneno. Ningeweza kulipunguza. Ningeweza kusema hakuita, ingepita, mambo husahaulika kwenye maziko. Lakini kulikuwa na watu wazima wa kutosha waliokwisha kufanya hivyo kwa faida yake.

"Hakusimama mtu. Alisema mtoto ni mmoja tu, na yuko kwenye mtihani."

"Halafu?"

"Halafu watu wakapiga makofi."

Mikono yake ikasimama kwenye nyasi.

"Wengi?"

"Wote. Hata mimi mikono yangu ilianza, nikaizuia."

Hakulia. Nilikuwa tayari kwa kilio, nilikuwa na leso nyingine kwenye mkoba kwa kazi hiyo. Aliangalia upande wa geti, ambako askari alikuwa anaangalia saa yake, kisha akavuta miguu akakaa vizuri, kama watu wanavyokaa wakijua watakaa muda.

"Umeruka," akasema. "Anza asubuhi. Mwili ulifika lini kutoka mochari?"

"Ulifika Ijumaa jioni. Ulilala nyumbani."

"Basi anza Ijumaa."

Nikaanza Ijumaa. Nilimwambia gari lilivyokwama kwenye tope pale karibu na kanisa na vijana wakalisukuma. Nilimwambia baba yake alivyotaka jeneza liingie kwa mlango wa mbele na halikuweza kukata kona. Aliuliza nani alishika upande wa kichwa. Aliuliza taa ilikuwa ya umeme au ya chemli. Aliuliza kama mimi nililala mle ndani, na upande gani, na kama kulikuwa na baridi. Nilijibu nilichojua. Nisichojua nilisema sijui, na kila sijui aliipokea, akaenda kwenye swali lingine, na nikaona maswali ni mengi kuliko mchana uliobaki.

Kengele ya wageni kuondoka ikalia tukiwa bado Ijumaa, jeneza likiwa sebuleni.